Mwaka wa Korona ya Tatu

Tulimzika mama mkubwa Naomi siku ya Jumanne, mvua ikiwa imetupa nafasi ya saa mbili tu, na watu walipokwisha kunawa na kula, wanaume wakatoka nje kutazama gari. Ndivyo tulivyo sisi watu wa Lushoto. Msiba ukishapoa kidogo, watu hutafuta jambo la kuzungumza lisiloumiza. Gari lilikuwa la Elia, mtoto pekee wa marehemu, aliyepanda nalo kutoka Dar es Salaam. Ilikuwa Premio ya toleo la mwisho, nyeusi, na tope la njiani lilikuwa limeipaka hadi madirishani. Mmoja akasema siku hizi hazitengenezwi tena, kiwanda kimeziacha. Mwingine akabisha. Elia akasema ni kweli, huu ndio mwisho wa ukoo wa Toyota Korona, haina mtoto. Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nimesimama barazani na vikombe mkononi, akasema, "Muulizeni dada Tabitha. Huyu ameziendesha zote." Watu wakacheka. Ni kweli kwamba mjini huku wananiita Tabitha Korona, na wakati wa ule ugonjwa jina hilo lilinipa tabu, maana kuna wageni waliokataa kupanda gari langu. Lakini si kweli kwamba nimeziendesha zote. Mbili za kwanza sikuziendesha kamwe. Na kabla sijaishika ya tatu, ya pili ilinifunga miezi saba.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja barua ya chuo cha uuguzi, na mama mkubwa alikuwa ameomba niletwe kwake nimsaidie kazi hadi barua itakapofika. Nyumba yao ilikuwa juu ya mji, njia ya kwenda Magamba, nyumba ya matofali yenye vyumba vinne na baridi isiyotoka hata mchana. Chumba nilichopewa kilikuwa stoo. Kitanda changu kilisukumwa ukutani, na nafasi iliyobaki ilikuwa ya vipuri: taa za mbele zilizofungwa kwa magazeti, mlango wa kushoto, viti viwili vilivyopasuka, radieta, na madebe ya misumari na nati. Dirisha lilikuwa limezibwa na boneti lililoegemezwa kwa nje, kwa hiyo asubuhi nilijua kumekucha kwa harufu ya moshi wa jikoni, si kwa mwanga. Nilipojigeuza usiku niligonga chuma. Nilijiambia ni mwezi mmoja, au miwili.

Vipuri vile vilikuwa vya Korona. Baba mkubwa Zakayo, mume wa mama mkubwa, hakuwahi kumiliki gari la aina nyingine, na mezani hakuwa na hadithi nyingine. Tulikula makande au ugali kwa maharage, yeye akisimulia kama mtu anayetaja vizazi vya Agano la Kale. Korona yake ya kwanza ilikuwa na pua iliyolala kwa mbele kama jembe, na gia zake zilikuwa kwenye usukani. Aliinunua kwa bwana shamba mmoja aliyekuwa akihama. Ilikuwa bado uani wakati ule, imekalishwa juu ya magogo, kuku wakitagia kwenye kiti cha nyuma. Ya pili ilikuwa ya pembe nne kama sanduku la nguo, gia zimeshuka sakafuni, injini mbele lakini magurudumu yanayosukuma ni ya nyuma. Hiyo ndiyo aliyokuwa akibebea abiria kati ya Lushoto na Mombo. "Gari linalosukuma nyuma," alikuwa akisema, kijiko kikining'inia hewani, "ni kama punda. Ukilipakia mzigo ndipo linakaza miguu." Mama mkubwa alikuwa akimsogezea bakuli la maharage hadi liguse mkono wake. Nilidhani ni mapenzi. Yalikuwa mapenzi, lakini hayakuwa hayo tu.

Siku ya nne au ya tano niliingia sebuleni nikamkuta baba mkubwa amesimama mbele ya koti lake jeusi la kanisani lililotundikwa kwenye msumari karibu na mlango. Alikuwa akilisalimia. "Onga makeo, mghosi," alisema kwa Kishambaa, yaani umeamkaje, mzee, kwa heshima kabisa, akangoja kujibiwa. Nilirudi nyuma kimya kimya. Jioni ile, nikiwa nimelala kati ya taa na milango, nikawasikia wakizungumza chumba cha pili. Ukuta ulikuwa wa mbao.

"Msichana ana akili," mama mkubwa alisema. "Na ana macho makali. Leo kaona sindano yangu sakafuni kutoka mlangoni."

"Atazungumza njia nzima? Watu wataona ananielekeza."

"Asikae kimya. Aseme. Msichana akisema sana, nani atashangaa?"

Baba mkubwa akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ndogo mno, "Naomi, mpaka lini?"

"Mpaka Elia amalize kujipanga huko Dar. Wewe endesha tu. Nimekuletea macho."

Asubuhi yake nikakalishwa kiti cha mbele, kushoto kwa dereva. Mama mkubwa mwenyewe ndiye aliyenifunga mlango. Aliinama dirishani akanieleza kwa maneno machache, bila kunitazama: baba yako mkubwa ana ukungu machoni, mbele anaona mwanga na vivuli, barabara anaijua kuliko kiganja chake, wewe mwambie tu kilicho njiani. Uzungumze kama unapiga soga. Abiria wasijue. Nilimuuliza, "Mama, na mimi nikikosea?" Akasema, "Hutakosea, mwanangu," akaligonga paa la gari kwa kofi, tukaondoka.

Mimi kwa asili si msemaji. Nyumbani walikuwa wakinitania kwamba nimezaliwa na ulimi wa kukopa. Lakini mwaka ule nikawa kasuku wa barabara ya Mombo. "Aa, baba, tazama mama yule kaanika mahindi hadi kwenye lami, upande wetu kabisa!" Naye alisogea kulia. "Jamani lile lori la kabichi linavyopanda polepole!" Naye alijibana. "Watoto wa shule haoo, wamejaa kote kote." Naye alipunguza. Nikisema "Bwana wee!" maana yake ilikuwa breki. Kona sikuhitaji kumtajia. Alizijua kwa mlio wa injini na kwa jinsi sauti ya gari ilivyogonga ukuta wa mlima na kurudi dirishani, ambalo alilifungua hata kwenye baridi ya Juni. Akiteremka Soni alihesabu kwa midomo, gia ya tatu, gia ya pili, achia, shika. Abiria walimsifu. Walisema Zakayo hana haraka, Zakayo ni dereva mwenye adabu, hapigi honi ovyo. Mimi walinihurumia. Nilimsikia mwanamke mmoja pale stendi ya Mombo akimwambia mwenzake, "Mzee wa watu mpole, lakini kile kisichana chake, loo, mdomo haulali."

Sasa hivi ninapoteremka njia ile ile kwa gari langu, huwa najiuliza kwa nini sikusema. Nilikuwa mtu mzima. Nilikuwa na ulimi. Nyuma yangu walikaa watu watatu au wanne kila safari, na nilijua jambo ambalo lingewafanya washuke wote. Ninachokumbuka ni kwamba kila siku iliyopita salama ilinibana zaidi. Ukisema siku ya kwanza, umeokoa watu. Ukisema siku ya hamsini, utaulizwa siku arobaini na tisa ulikuwa wapi. Na tulipofika nyumbani baba mkubwa alinipakulia nyama kabla ya kujipakulia mwenyewe, kwa kupapasa, na hakuwahi hata siku moja kunipandishia sauti. Ningeweza kumshtaki mtu mbaya. Yeye hakuwa mtu mbaya.

Barua ya chuo ilifika mwezi wa tano. Sikufichwa. Mama mkubwa aliileta jikoni mwenyewe, nikiwa namenya viazi, akaketi kwenye kigoda mbele yangu, akangoja niisome. Nilitakiwa kuripoti baada ya wiki tatu, upande wa Muheza. Nililia kwa furaha, nikadhani na yeye atalia. Akasema, "Hongera. Nenda, mwanangu. Nitakutengenezea maandazi ya njiani."

"Na baba?"

"Baba ataendesha."

"Na nani?"

Aliokota kiazi kimoja akaanza kukimenya. "Peke yake. Ataniambia ataacha, na kesho yake ataondoka kabla sijaamka. Unamjua. Gari likimtoka, kitabaki nini kwake?"

"Basi waambie watu, mama. Waambie abiria, mwambie Elia."

"Mimi ni mke wake, Tabitha. Nikimtangaza sokoni, usiku nitalala wapi?" Alisema bila ukali, kama mtu anayeulizia njia. "Sikuzuii. Nakwambia tu kitakachotokea, ili usije ukasema hukujua."

Kwa wiki tatu sikulala vizuri. Kila nikifumba macho niliiona ile ya sanduku ikiteremka Soni, kiti changu kikiwa kitupu, nyuma wamekaa watu na mabegi yao, na kwenye lami mbele yao mtoto amesimama. Siku ya kuripoti ilipofika nilivaa sweta nikapanda gari, nikafunga mlango mwenyewe. "Asubuhi njema, baba," nikamwambia. "Mbuzi watatu hao getini kwa jirani." Hakuna aliyeitaja barua tena. Tangu siku hiyo nilianza kumchukia mama mkubwa kwa chuki tulivu, ya kila siku, iliyokaa nami mezani na kitandani.

Kisha Elia akaleta Korona ya tatu. Ndio wakati magari ya mtumba kutoka Japani yalikuwa yanaanza kumiminika, na yeye alikuwa amepata kazi bandarini. Alipanda nayo Jumamosi moja ya mwezi wa saba, nyeupe, imelainika kila pembe, viti vya kitambaa kama makochi, na ukiwasha injini ilibidi uweke mkono kwenye dashibodi kujua kama inawaka. Nusu ya mtaa ilikuja kuitazama. Fundi mmoja akalala chini, akatoka akitikisa kichwa: "Hii haina shafti ya kwenda nyuma. Inavutwa na miguu ya mbele." Baba mkubwa alisimama amelishika paa kwa mikono yote miwili, uso umeinuliwa. Elia, ambaye hakujua lolote, aliiuza ile ya sanduku jioni hiyo hiyo kwa mtu wa Mlalo, ili baba yake apumzike na matengenezo. Aliona amefanya wema mkubwa.

Jumatatu asubuhi nilimfuata mama mkubwa jikoni. Nikamwambia gari hili haliwezi. Halina sauti. Gia zake si zile, breki zake si zile, anahesabu na hesabu hazitoki. Nilikuwa nimeona Jumapili, kutoka nyumbani hadi kanisani tu, alivyopotea. "Leo kuna ukungu, mama. Mkataze leo tu." Alikuwa akikoroga uji. Aliendelea kukoroga. "Watu wote wanangoja kumwona ndani ya gari jipya," akasema. "Leo ndiyo siku ambayo hatanisikiliza."

Nyuma tulikuwa na abiria wawili. Mmoja alikuwa mama kijana mwenye mtoto mgongoni, mtoto ana homa, wanaenda kwa ndugu Mombo. Wa pili alikuwa Mzee Saidi, mkulima wa mboga wa bondeni, rafiki wa baba mkubwa tangu ile Korona ya pua ya jembe. Alikuwa na matenga mawili ya plamu kwenye buti na alifurahi kama mtoto. "Zakayo, tumekuwa mabwana!" alisema akipapasa kiti. Tulipita mji salama. Baada ya hapo ukungu ukashuka kama pazia. Mimi nilikuwa macho ya baba mkubwa, na mimi nikawa sioni. Niliona boneti, niliona hatua tano za lami, basi. Nikatafuta la kusema nikakosa. Sikuwa nimewahi kumfundisha neno la kusema sijui. Kwake, nikinyamaza, maana yake njia ni nyeupe. Nilinyamaza, naye akaachia breki.

Lori tupu la mbao, linalorudi Shume kupakia, lilitokea mbele yetu likiwa na taa moja. Nilipiga kelele, si "Bwana wee," kelele tu. Akakata kushoto. Kulikuwa na kokoto, kishindo, na gari likainama upande wangu likatulia. Nilipotazama dirishani sikuona ardhi. Niliona ncha za miti, kijani kibichi, na ukungu ukipita katikati yake. Mtoto akaanza kulia, na kilio hicho ndicho kilichotuambia tuko hai. Tulitokea milango ya kulia mmoja mmoja, mimi nikitambaa kupita kiti cha dereva. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa linaning'inia hewani. Baba mkubwa alikuwa amerudi ndani, amejaribu gia ya nyuma, nalo gurudumu likazunguka bure, likilia. "Ile ya zamani ingejirudisha yenyewe," alisema, hakumwambia mtu yeyote.

Mzee Saidi alimtazama. Alikwenda akasimama mbele yake, karibu kabisa, akainua mkono akaupitisha usoni pake. Baba mkubwa hakupepesa. "Zakayo," akasema taratibu. "Wewe huoni?"

Baba mkubwa akageuza uso kunitafuta. Alikuwa akingoja niseme kitu, soga yoyote, kama nilivyosema miezi saba. Nami nikasema, "Haoni, babu. Tangu nije haoni."

Yule mama kijana alijifunga mtoto wake upya, akaanza kuteremka kwa miguu bila kutuaga. Gari jingine lilimchukua baada ya muda mfupi. Mzee Saidi aliketi kwenye jiwe. Nilingoja atukane. Akasema, "Nimekaa nyuma yako miaka yote hii, nikimshukuru Mungu kwa kunipa dereva mwangalifu," kisha akacheka kidogo, kisha akavua kofia yake akaishikilia magotini, na hakucheka tena. Watu wa lori walitufunga kamba wakatuvuta hadi barabarani. Walipoondoka tulibaki watatu na gari zima lisilo na dereva. Ndipo baba mkubwa akazunguka, akipapasa boneti, akafungua mlango wa kushoto, akaketi kwenye kiti changu. "Njoo ukae hapa," akaniambia, akipiga usukani. "Tutakwenda gia ya kwanza hadi Soni. Nitakwambia miguu ifanye nini." Gari lilinizimikia mara tatu. Mzee Saidi alitembea mbele yetu njia nzima, kofia yake nyeupe ikiwa ndiyo alama ya barabara, na kila alipoinua mkono nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Baba mkubwa alikuwa akilia. Aliongea akilia, sauti ikiwa imetulia: klachi chini, achia taratibu, usikamate usukani kama unamnyonga mtu.

Baada ya siku hiyo alikaa wiki tatu bila kunisemesha. Tulikula meza moja, maharage yale yale, na nilisikia kila mmoja akitafuna. Kisha Elia aliitwa, akaambiwa, akampeleka baba yake kwa madaktari wa macho. Jicho moja lilifanyiwa upasuaji likarudisha nuru kiasi cha kutambua sura za watu. La pili lilikuwa limekwisha, walisema angekuja mapema lingeokolewa. Aliporudi, na bandeji bado usoni, aliniambia nichukue ufunguo, tukaenda uwanja wa mpira. Alinifundisha miezi minne. Nilipokwenda Tanga mjini kutahiniwa, askari aliniuliza nimefunzwa na nani, nikamwonyesha mzee aliyekaa kwenye benchi nje, kichwa kimeelekea upande ambao hapakuwa na mtu. Askari alimtazama, akanitazama, akatia sahihi.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kubeba abiria mimi mwenyewe. Chuo kiliniandikia tena mwaka uliofuata, na safari hii hakukuwa na aliyenihitaji kiti cha kushoto. Sikwenda. Watu hupenda nikieleza kwamba niliipenda kazi, na niliipenda, lakini ukweli wote ni kwamba sikujua tena namna ya kuondoka. Korona nyeupe ilinilelea watoto wawili. Baadaye nikanunua ile ya mviringo iliyokuja baada yake, baadaye Premio ya kwanza, kisha ya pili, ninayoiendesha hadi leo. Kila toleo lilikuwa pana kidogo na kimya kidogo kuliko lililotangulia. Baba mkubwa alifariki akiwa ameshaigusa ile ya mviringo. Alisema taa zake zimekuwa kama za samaki.

Na mama mkubwa nilimpeleka hospitali mimi, mwezi mmoja kabla ya Jumanne ile. Alikuwa mwepesi, nilimbeba kama mzigo wa majani. Tulikuwa tunateremka kuelekea mjini, amefumba macho, nikadhani amelala.

"Tabitha. Mwaka ule ulinichukia?"

"Ndiyo, mama."

"Wote?"

"Wote. Na kipande cha uliofuata."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu alilokuwa akilijua. "Nilikuwa nikikusikia ukilia mle stoo, zile wiki tatu za barua. Nilikuja hadi mlangoni. Mara mbili niliweka mkono kwenye komeo." Alipumzika kidogo. "Nikawaza, nikiingia nikakuona uso, nitakuambia uende. Kwa hiyo sikuingia."

Nilisogeza gari pembeni nikasimama. Nilimvutia kanga ikamfunika mabega, nikaacha mkono wangu hapo, na tukakaa hivyo, injini inawaka bila kusikika, magari mengine yakitupita. Baadaye akafumbua macho.

"Twende, mwanangu," akasema. "Daktari hatatungoja."

Nikatazama kioo, nikaingia barabarani.